Mashine Iliyosema Presha Nzuri

Jumatatu, 4 Agosti

Kuvu tena. Safari hii kwenye lenzi ya ndani ya darubini ya kupimia macho, weupe mwembamba kama utando wa buibui. Nimeufuta kwa pamba na spiriti kabla wagonjwa hawajaanza kuitwa. Mji huu unakula vyuma. Chumvi ya bahari inaingia hata madirisha yakifungwa. Kabati la vifaa nimeliwekea balbu isiyozimwa ili ndani pakauke, na bado skrubu zinaota kutu.

Kifaa kipya kimefika. Kipima presha ya jicho cha mkononi, zawadi ya wafadhili kwa ajili ya kambi ya upimaji bure itakayofanyika Makurunge Jumamosi ya wiki ijayo. Hakitaki dawa ya ganzi wala rangi ya njano ya kutia jichoni. Unakilenga jicho, kinadonoa, namba inatokea. Dk. Mushi, mkuu wa kituo chetu, hakukiweka chini siku nzima.

Mimi nina kile cha zamani, kilichofungwa kwenye darubini ya mezani. Unatia ganzi, unagusisha kioo kidogo juu ya jicho, unazungusha gurudumu mpaka nusu duara mbili za kijani zikutane. Hapo unasoma presha. Nimefanya hivyo tangu nitoke chuo. Mkono wangu unakijua.

Tumepima wagonjwa wachache kwa vyote viwili, kulinganisha. Havikubaliani. Kipya kinasoma juu, kila mara, kwa kila mtu. Nimemwambia Dk. Mushi kipya ni kibovu. Nilisema kwa uhakika kabisa.

Nyumbani mama mkwe kaangusha birika la chai. Lilikuwa upande wake wa kushoto, hakuliona. Uzee, kasema Shabani, mume wangu. Nami nikasema hivyo hivyo.


Jumanne, 5 Agosti

Nimerudia. Wagonjwa wengine, macho mengine. Jibu lile lile: kipya juu, cha zamani chini.

Dk. Mushi anataka vyote viwili viende Makurunge. Watu watakuwa wengi, foleni mbili zitasaidia. Nikamuuliza itakuwaje mtu akisimama foleni ya kwanza akaambiwa mgonjwa, na mwenzake mwenye jicho kama lake foleni ya pili akaambiwa mzima. Akacheka. "Basi tuchukue wastani, Rehema."

Wastani! Nimekasirika mpaka nimesahau kula.

Presha ya macho si jambo la wastani. Inaua mshipa wa jicho polepole, bila maumivu, ikianzia pembeni. Mtu anaendelea kuona kilicho mbele yake, hajui kwamba mlango unafungwa. Na kilichopotea hakirudi. Tunachoweza ni kuzuia kilichobaki kisipotee, na tunazuia kwa kutazama namba.

Kwa hiyo namba ipi?

Chuma cha kuhakikia hakipo. Kilikuja na mashine yangu tangu ikiwa mpya: kijiti cha chuma chenye uzito unaojulikana. Unakipachika ubavuni, unaona kama mkono wa mashine, ule unaoshika kioo, unalala pale unapopaswa kulala. Kilipotea tulipohama kutoka jengo la zamani kuja hapa Dunda. Nimekiulizia mara nyingi. Kitaagizwa, naambiwa.


Alhamisi, 7 Agosti

Mama mkwe kaanguka mtaroni.

Bi Tatu huyu, mama yake Shabani. Anaishi nasi tangu alipofiwa na mumewe, amekuja na mkeka wake, kinu chake na ulimi wake. Alikuwa anakwenda kwa jirani kumpa pole. Mtaro uko kushoto mwa njia, uko pale miaka yote. Akaukanyaga kama vile haupo. Bodaboda mmoja kamwinua, Shabani kaombwa atoke darasani anakofundisha, wakamleta kituoni kwangu. Nyonga imechubuka. Mfupa mzima, alhamdulillahi.

Ana presha ya macho, mimi mwenyewe niliigundua, na mimi ndiye ninayempima. Dawa ya matone anatia kila jioni, mbele yetu. Nikampima kwa mashine yangu. Kushoto kumi na sita. Nzuri. Nikamwambia nzuri.

Akasema, "Mwanangu, hilo jicho la kushoto haliko sawa. Kuna kitu kama pazia."

Si mara ya kwanza kusema. Nami nikajibu kama ninavyojibu siku zote, kwamba presha ni nzuri, asiwe na wasiwasi. Akanyamaza. Alininyamazia kwa namna ambayo ilinifanya nichukue kile kifaa cha mkononi, nacho nikampima.

Ishirini na nne.

Nikamwambia afumbe la kulia, atazame pua yangu. Nikaleta kidole kutoka pembeni, polepole. Akione aseme. Kidole kikaja, kikaja, kikafika karibu na pua yake. Hajasema kitu. Nikatazama nyuma ya jicho. Mshipa umechimbika, umepauka. Dk. Mushi alipoutazama mwaka jana haukuwa hivyo.

"Vipi?" akauliza.

Nikasema, "Ngoja kwanza, mama."




Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Kituo kimefungwa. Wote tuko nyumbani, na mimi siwezi kukaa.

Nimeosha nguo zilizokuwa safi. Nimepanga vyombo, nikapangua. Baada ya swala ya Ijumaa nimemwomba mlinzi wa kituo anifungulie stoo, nikapekua maboksi ya kuhamia, moja baada ya jingine. Fremu za miwani zilizovunjika. Kalenda. Panya mkavu. Chuma cha kuhakikia hakuna.

Shabani kaniuliza nina nini. Nikasema kazi. "Leo sikukuu," akasema. Nitamwambia nini? Kwamba labda mama yake amekuwa akisema kweli muda wote huu na mimi nikimbishia kwa namba?

Bi Tatu amelala ubavu, anasikiliza redio. Anajua kuna jambo. Haulizi.

Nimempigia Salome, tulisoma naye chuo kimoja, yeye upande wa mafundi wa vifaa tiba. Yuko karakana moja Dar. Nikamweleza. Akasema bila chuma cha kuhakikia hapo hatupimi, tunabishana tu. Nimletee Jumatatu.


Jumapili, 10 Agosti

Nimempigia Dk. Mushi, nimemwomba ruhusa ya kupeleka mashine Dar. Amekataa. Si kwa ubaya. Gari la matangazo limekwishapita Makurunge yote na vijiji vya jirani, watu wamekwishaambiwa, na mashine ikitoka leo nani anajua itarudi lini. Baada ya kambi, akasema. Jumatatu ile nyingine, yeye mwenyewe ataipeleka.

"Sawa, Daktari," nikasema.

Si sawa. Sikuwa na nia ya kutii hata nilipokuwa nikiitikia.


Jumatatu, 11 Agosti

Nimeichukua.

Nilifika kabla ya wote. Nikaifungua kutoka kwenye darubini, nikaiviringisha kwa kanga mbili, nikaiweka kapuni juu ya mchele ili isigongwe. Mlinzi akanisalimia, nikamsalimia. Nikatoka nikitembea kama mwizi. Ndivyo nilivyokuwa.

Karakana ya Salome ina joto na harufu ya mafuta ya cherehani. Hakusema maneno mengi. Akaipachika mashine kwenye stendi, akaweka chuma kwenye alama ya ishirini, akaniachia gurudumu nizungushe mwenyewe. Gurudumu likifika ishirini mkono unapaswa kulala mbele. Kabla ya hapo usilale.

Ulilala kwenye kumi na nne.

Nikarudia. Kumi na nne. Akarudia yeye. Kumi na nne, mara moja kumi na tano. Tukaweka chuma kwenye alama ya juu, huko kosa likawa kubwa zaidi. Nikarekodi kwa simu, maana nilijua sitaaminiwa. Hata mimi nilikuwa siamini.

Alipofungua mfuniko tukaona. Kutu kwenye ekseli, chumvi imeganda kama sukari, na springi imepinda kidogo. Labda ilipinda siku tuliyohama, mashine ikiletwa na bajaji. Labda kabla. Nikamuuliza ni tangu lini. Akasema hakuna wa kujua.

Hilo ndilo lililonikalisha chini. Tangu lini. Kila mtu niliyemshika kidevu nikamwambia presha yako nzuri, rudi baada ya miezi sita. Kila mmoja alishukuru.

Salome amebaki nayo kuisafisha na kubadilisha springi. Ijumaa itakuwa tayari. Simu za Dk. Mushi nimezihesabu kwenye basi nikaacha.

Kile kipya ndicho kilichokuwa sahihi. Nilikiita kibovu kwa sababu nilikipenda cha zamani. Hakuna sababu nyingine.


Jumanne, 12 Agosti

Dk. Mushi amefoka. Mlango wazi, wagonjwa wakisikia. Nimeiba kifaa cha kituo. Nimemdharau. Angeweza kuniandikia barua ya kuniachisha kazi leo hii. Nikamwacha amalize, nikaweka simu mezani, nikabonyeza video.

Akautazama mkono ukilala. Akairudisha mwanzo. Akaitazama tena. Akaenda kufunga mlango.

"Wangapi?" akauliza.

Sijui, nikasema. Wote wa presha ya macho tangu tuhamie hapa, tuanzie hapo.

Kisha akasema nilichokuwa nakiogopa. Tusubiri kambi ipite. Tukiwaambia watu sasa, nani atakanyaga hapa tena? Watarudi kukaa majumbani mpaka wapofuke kabisa. Ana hoja. Ndicho kinachoniudhi, kwamba ana hoja.

Nikasema kila siku tunayosubiri wao wanaendelea na dawa isiyowatosha, wakijua inawatosha. Nikasema kama hatuanzi kuwaita leo, nitawaita peke yangu kwa simu yangu. Sauti yangu ilipanda. Sijawahi kumpandishia mtu sauti kazini.

Akavua miwani, akasugua macho. Tukakubaliana. Kambi itakwenda na kifaa kipya peke yake, foleni moja, hata jua lituchome. Simu zinaanza leo. Yeye anapiga nusu, mimi nusu.

Nimepiga mpaka koo limekauka. Tunawaomba waje kupimwa upya, kipimo chetu kilikuwa na hitilafu. Wengine wanasema asante. Mwingine kanitukania mama yangu. Nimemshukuru pia.

Mmoja sijampigia. Yuko chumba cha pili, anakuna nazi. Mimi mwoga.


Jumatano, 13 Agosti

Nimemwambia.

Baada ya chai ya asubuhi, Shabani akiwepo. Nilikaa chini mkekani ili nisiwe juu yake. Nikaeleza kila kitu, mashine, kutu, namba. Sikujitetea. Labda nilijitetea kidogo.

Bi Tatu alisikiliza akitazama mikono yake. Kisha akasema, "Kwa hiyo nilikuwa nasema kweli."

"Ulikuwa unasema kweli, mama."

"Nikakwambia pazia, ukaniambia nzuri."

"Ndiyo, mama."

"Litarudi?"

Nikasema halitarudi. La kulia tunaweza kuliokoa, lakini haraka, maana nalo presha iko juu, nalo limeanza kuliwa pembeni. Linahitaji upasuaji. Nikaendelea kusema, Dar, daktari bingwa, sijui nini. Akainua kiganja.

Akaomba simu. Akampigia binti yake wa Ubena. Wifi yangu Asha. "Njoo unichukue," akasema. Basi.

Shabani akaniambia, "Mimi nilimfokea. Nilimwambia aache kudeka. Kwa sababu yako." Akatoka. Wala hakusema uongo.


Alhamisi, 14 Agosti

Amekwenda. Mkeka, redio, kibuyu cha dawa zake za miguu. Matone ya macho ameyaacha juu ya meza, makusudi, mahali ninapokaa.

Nimempigia Asha. Anasema mama hataki kusikia habari za hospitali. "Mashine zao basi," ndivyo alivyosema. Nikaomba angalau atie matone. Yale yale yasiyotosha, lakini si sawa na kukosa kabisa. Asha akasema atajaribu. Alisema kwa sauti ya mtu asiyejaribu.

Nyumba imekuwa kubwa. Shabani anakula na kuondoka. Nimepika wali ukaungua. Kila saa nafikiri jicho lile moja, maji yanavyolibana kutoka ndani, yeye amekaa Ubena barabarani malori yakipita upande asiouona.


Ijumaa, 15 Agosti

Mashine imerudi. Salome kaileta mwenyewe, pamoja na chuma cha kuhakikia alichotuazima mpaka chetu kije. Nikaipachika. Ishirini, mkono ukalala kwenye ishirini. Alama ya juu, vivyo hivyo. Tukapima macho ya wafanyakazi wote kwa vyote viwili, mpaka mpishi na mlinzi. Sasa vinakubaliana.

Nilitegemea kufurahi.

Wanakuja, tuliowaita. Wengi presha yao imepanda kiasi, dawa tunaongeza, tumewahi. Wengine hatukuwahi. Nafahamu kabla ya kupima, namna mtu anavyopapasa kiti kabla ya kukaa. Mbona sikuwa naona hilo zamani? Labda nilikuwa nimekwishainamia gurudumu.


Jumamosi, 16 Agosti

Kambi. Makurunge, uwanja wa shule, vumbi. Watu tangu alfajiri. Foleni moja, kama tulivyokubaliana, na wamenung'unika, na Dk. Mushi amesimama juani kuwaomba radhi mmoja mmoja. Nimemheshimu leo.

Mchana kaja Lazaro, dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa. Mgonjwa wangu. Tulimpigia akasema atanikuta hapa. Nikampima. Juu sana, macho yote mawili.

"Dada, natia dawa kila jioni," akasema. "Mke wangu shahidi. Sijaruka hata siku."

"Hujakosea, kaka. Tumekosea sisi. Mashine yetu ilikuwa inadanganya."

Akawaza. "Kwa hiyo yale magunia niliyoyagonga."

Sikujua magunia gani. Akanieleza. Mwezi uliopita trekta ilikwangua magunia ya mbolea yaliyopangwa kando ya njia. Hakuyaona. Kulikuwa na vibarua wawili wamekaa hatua chache kutoka hapo.

"Nitaendesha?"

Nikamwambia asiendeshe mpaka tupime upana wa kuona kwake. Akacheka, kicheko kibaya, akainuka akaondoka bila kuchukua kadi ya miadi. Nilimkimbilia uwanja mzima na koti langu jeupe, watu wakitazama. Nilimshika mkono. Akasema, "Niache nifikiri, dada." Lakini kadi aliichukua.

Jioni Dk. Mushi kaniuliza habari za mama mkwe. Nikamwambia yuko Ubena na hataki. Nikaomba niazime kifaa cha mkononi kesho. Akanipa bila neno.


Jumapili, 17 Agosti

Ubena. Nilikwenda peke yangu, Shabani alisema hana uso wa kumtazama mama yake.

Bi Tatu alikuwa barazani kwa Asha, anapukuchua mbaazi. Nikapiga goti. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Marahaba ile ya kumfukuzia mtu. Asha akaleta maji, akaingia ndani.

Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima. Asilimia za upasuaji, hatari ya kuchelewa, majina ya dawa. Nikaona nikianza hivyo atainua kile kiganja. Basi nikasogeza kiti kidogo, nikachukua mbaazi, nikaanza kupukuchua naye. Baadaye nikasema, "Mama, naomba unieleze unavyoona. Tangu mwanzo. Leo sina la kukujibu."

Hakuanza mara moja. Alipoanza hakuacha. Kwamba ilianza na uzi wa sindano. Kisha nyuso za watu msikitini, anaona upande mmoja wa safu, mwingine haupo, mpaka ageuze kichwa. Kwamba jioni ndiyo mbaya zaidi. Kwamba aliacha kwenda harusini kwa sababu aliwapita watu bila kuwasalimu, wakasema Bi Tatu anaringa. Kwamba alipokuwa akitia matone alikuwa akisema bismillahi na kuamini, kwa sababu mkwe wake amesoma. Kwamba alifikiri anaanza kuwa mwehu, kwa vile jicho linasema hivi na mtaalamu anasema vile, na mtaalamu anakula naye sahani moja.

Nililia. Hakunibembeleza. Aliendelea na mbaazi zake.

Alipomaliza akatazama mfuko wangu. "Umeleta mashine?"

"Nimeleta, mama."

"Na hiyo nani kaipima?"

Nikamweleza. Chuma, mkono, ishirini kwa ishirini, macho ya mpishi na mlinzi. Alisikiliza kama anayenunua samaki. Kisha akasogeza ushungi kidogo, akainua uso. Nikapima la kulia. Ishirini na sita. Nikamwambia kama ilivyo, na maana yake, kwamba halina muda.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini huyo daktari wako aje aniambie yeye. Si wewe tu. Kituo si chako."


Jumanne, 19 Agosti

Dk. Mushi alikwenda Ubena. Kwa gari lake, na Shabani pembeni yake, maana sikumruhusu Shabani abaki tena. Mimi nilikaa na wagonjwa.

Shabani ndiye kanisimulia. Daktari alisimama chini ya baraza, kofia mkononi, akasema shikamoo mama, akasema yeye ndiye mkuu wa kituo, kipimo kilikuwa kibovu, na ilikuwa juu yake kuhakikisha hakiwi kibovu. Bi Tatu akamwacha amesimama. Kisha akamuuliza wazazi wake wa wapi, wako hai? Akasema mama yuko hai, Moshi. "Macho yake?" Daktari akakiri hajawahi kuuliza. Akaambiwa ampigie mama yake aulize. Kisha akakaribishwa kukaa.

Shabani yeye alilala kifudifudi miguuni pa mama yake, mtu mzima na ndevu zake. Anasema alipigwa kofi moja jepesi la kisogoni. Amerudi nyumbani akicheka na kulia.

Wamerudi naye. Hajaongea nami zaidi ya salamu. Yuko chumbani kwake. Inatosha.


Alhamisi, 21 Agosti

Dar. Upasuaji umefanyika. Wanafungua njia ndogo ili maji ya jicho yapate kutoka. Najua kila hatua, na kujua hakukunisaidia. Nimetembea korido ile mpaka muuguzi kaniambia nikae, nikakaa, nikainuka. Shabani kanunua machungwa akayasahau dukani.

Katoka amefungwa jicho la kulia. Hilo ndilo analoonea. Kwa siku hii moja hana kitu. Nilimshika mkono nikisema ni mimi, Rehema. Akanipapasa bangili. "Nimekujua," akasema.


Ijumaa, 22 Agosti

Bandeji imetoka. Jicho jekundu, limevimba. Anaona. Kamhesabia daktari vidole, kisha akamwambia ana vazi lenye doa.

Presha kumi na mbili. Nilimwomba daktari aniruhusu niitazame mashine yao ilihakikiwa lini. Alinishangaa, akanionyesha kibandiko. Ilikuwa mwezi huu.


Jumapili, 7 Septemba

Siku nyingi sijaandika. Nililala, nadhani. Nilikuwa na usingizi wa wiki nyingi.

Chuma chetu wenyewe kimefika. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kumwita mtu wa kwanza, tunakipachika, mimi au Dk. Mushi, na mwingine anatazama. Wagonjwa tuliowaita wamekuja karibu wote. Mama mmoja alikwishafariki, kwa jambo jingine. Mmoja namba yake haipatikani, na kwao wanasema alihamia Tanga. Nitaendelea kumtafuta. Lazaro alikuja. Kuona kwake kwa pembeni kumepungua, lakini katikati anaona vizuri. Wamempa kazi ya stoo ya vipuri. Anaichukia. Dawa mpya anatia.

Bi Tatu hajasema amenisamehe. Sijamuuliza. Bado huniita "mtaalamu" akitaka kuniudhi, na hufaulu.

Leo asubuhi alikuwa anakaanga vitumbua uani. Nikatoka na kikombe changu, nikakaa kwenye kibao karibu na jiko, kushoto kwake. Aligeuza vitumbua vyote, taratibu, kila kimoja. Kisha bila kuinua uso akapiga kibao cha upande wa pili.

"Hamia huku," akasema. "Huko sikuoni."

Nikahamia.